Fundi wa mtaani, fundi wa duka au kampuni: nani akufungie mabomba na maji ya moto?

Kazi ya bomba ina tabia moja mbaya: kosa lake halionekani siku ya kukabidhiwa. Rangi iliyopakwa ovyo utaiona, mlango uliopinda utauona, lakini kiungio cha PPR (bomba la plastiki linalounganishwa kwa moto) kilichochomwa vibaya hufukiwa chini ya plasta na marumaru, kikaanza kutoa unyevu miezi kadhaa baadaye, fundi akiwa ameshahamia saiti nyingine. Kwa hiyo unapolinganisha mafundi, bei ya ufundi isiwe swali la kwanza. Swali la kwanza ni hili: ukuta ukilowa baada ya nusu mwaka, nani atakuja kuutindua, na kwa gharama ya nani?

Mwenye nyumba Tanzania kwa kawaida ana njia tatu.

| | Fundi wa mtaani | Fundi wa duka la vifaa | Kampuni iliyosajiliwa |
|---|---|---|---|
| Anafaa kwa | Ukarabati, bafu moja, nyumba ya chini | Kufunga kifaa ulichonunua hapo: hita, pampu, sola | Ghorofa, nyumba nzima kubwa, mfumo wenye pampu na sola |
| Bei ya ufundi | Ya chini, inajadilika | Ya kati, wakati mwingine imo ndani ya bei ya kifaa | Ya juu, ina usimamizi na kodi ndani yake |
| Karatasi | Mtakazoandika wenyewe | Risiti ya EFD na waranti ya kifaa | Mkataba, makadirio, risiti ya EFD |
| Udhaifu | Hana vifaa vya kupimia, ana saiti tatu kwa mpigo | Anakijua kifaa, haujui mfumo wako | Anayekuja kazini siye uliyezungumza naye |

Fundi wa mtaani

Sehemu kubwa ya nyumba zetu zimefungwa maji na mafundi hawa, na wazuri wapo wengi. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ni mwanzo mzuri: wa zamani watakuonyesha Grade III, II au I, wa sasa wana ngazi za NVA (tuzo ya taifa ya ufundi stadi), ya kwanza hadi ya tatu. Wapo pia waliojifunzia kazini kama saidia fundi, kisha wakapimwa na VETA katika urasimishaji ujuzi wakapewa cheti. Usiwadharau. Cheti kinakuambia kwamba mtu amesomea kazi au amepimwa. Hakikuambii kama ana subira.

Subira utaiona kwenye mashine yake ya kuchomea. Mwombe achome kiungio kimoja mbele yako kwa kipande cha bomba na soketi ya 20 mm, halafu akipasue kwa urefu. Kinachotakiwa ni hiki: mashine ifike nyuzi joto 260, bomba likatwe kwa mkasi wa PPR ili mdomo uwe mnyoofu, alama ya kina iwekwe kwenye milimita 14 hivi, bomba na soketi viingie kwenye moto kwa pamoja, vikae sekunde 5, vitolewe na kusukumizwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Bomba la 25 mm hukaa sekunde 7, la 32 mm sekunde 8. Baada ya hapo kiungio kiachwe kitulie dakika mbili au nne kabla ya kuvutwa. Kipande kikishapasuliwa, tazama ndani. Pete ndogo ya plastiki iliyolingana pande zote ni kazi safi. Pete nene iliyoziba nusu ya tundu maana yake amezidisha moto au amesukuma kupita alama. Maji yatapita, lakini shawa itakuwa ya kudondoka. Ukiona mstari mwembamba bado unatenganisha bomba na soketi, moto ulikuwa haba, na hapo ndipo pa kuvuja kesho.

Fundi anayekasirika kuombwa hivyo amekupunguzia kazi ya kuchagua.

Jambo la pili ni kuona nyumba aliyoifunga zaidi ya mwaka uliopita. Kazi ya wiki jana haikuambii kitu. Ukifika, tazama ukuta wa upande wa pili wa bafu, chini karibu na sakafu, kama rangi imevimba au ina chumvichumvi.

Fundi wa duka

Duka la vifaa likikuuzia hita litakupa na mtu wa kuifunga. Faida yake ni ya kweli: amefunga hita za aina ile nyingi, na wauzaji wengi huweka sharti kwamba waranti inafanya kazi tu ikiwa imefungwa na mtu wao. Soma karatasi ya waranti kabla ya kulipa, si baada.

Hasara yake ni kwamba waranti ya hita haigusi ukuta wako wala nyaya zako. Atakuja na hita, atakuta bomba la maji ya moto lililofungwa miaka mitano iliyopita kwa PPR nyembamba, ataunganisha na kuondoka. Na kuna suala la cha juu. Fundi akikupeleka duka fulani, mara nyingi duka hilo humwachia kitu kidogo. Duka likikupa fundi, naye huwa ana la kurudisha. Hilo si uhalifu, ila linaeleza kwa nini unaambiwa "chukua hii tu bosi, iko vizuri" bila sababu ya kiufundi. Dawa yake ni kumlipa fundi ufundi unaostahili na kununua vifaa mwenyewe kwa orodha. Ukimbana bei ya ufundi hadi mwisho, atajilipa kwenye fitingi (viungio vya bomba), na fitingi ndizo zinazofukiwa.

Kampuni

Mkandarasi anapaswa kuwa amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1997. Kazi za mabomba zina nafasi yake kwenye kundi la makandarasi maalumu. Jina la kampuni litafute kwenye orodha ya Bodi mwenyewe, usitosheke na nakala ya cheti iliyotumwa WhatsApp. Kwa walioko Kenya, usajili huo uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA.

Unachonunua kwa kampuni ni uwezo wa kushtakika: ina ofisi, ina namba ya mlipakodi, ina mkataba wenye kipindi cha kurekebisha kasoro. Tatizo linaloharibu faida hiyo ni kazi kupewa fundi mwingine kimyakimya. Andika kwenye mkataba jina la fundi msimamizi atakayekuwa saiti kila siku, na kwamba kazi haipokezwi kwa mwingine bila idhini yako. Kampuni ikikataa kipengele hicho, unalipa bei ya kampuni kwa kazi ya fundi wa mtaani ambaye hata hujamchagua.

Kwa maoni yetu, nyumba ya chini ya vyumba vitatu haihitaji kampuni. Fundi mzuri wa mtaani, vifaa ulivyonunua mwenyewe na kipimo cha presha kabla ya plasta vinatosha, na vinashinda kampuni ya bei ya chini. Ghorofa ni habari nyingine. Bomba likivuja juu linaharibu dari, umeme na samani za chini, na maji taka ya ghorofani yanahitaji bomba la kupumulia lililopigiwa hesabu.

Pima makadirio kwa bafu moja

Wote watatu wape kazi ileile waihesabu: bafu lenye choo cha kukaa, sinki la kunawia, shawa na hita ya tangi. Anayejua kazi atahesabu pointi saba, yaani sehemu saba ambako bomba la maji linatokeza. Maji ya baridi ni nne: choo, sinki, shawa, na kuingia kwenye hita. Ya moto ni tatu: kutoka kwenye hita, sinki, shawa. Maana yake elbo (viungio vya kona) saba zenye nyuzi za skrubu, za 20 mm kwa nusu inchi, valvu za kona tatu (choo moja, sinki mbili), mipira inayopinda mitatu kwa ajili ya hizohizo, mingine miwili ya hita, na valvu ya kufungia bafu zima bila kuzima nyumba. Makadirio yasiyo na valvu hiyo ya mwisho yameandikwa na mtu asiyefikiria siku ya ukarabati.

Halafu tazama aina ya bomba. "PPR nusu inchi" haitoshi kuandikwa. PN ni daraja la presha ambalo bomba linahimili: bomba la 20 mm la PN10 lina unene wa milimita 1.9, la PN16 lina 2.8, la PN20 lina 3.4. Kwa maji ya moto taka PN20 au zaidi. Baadhi ya viwanda huweka mstari mwekundu kwa moto na wa bluu kwa baridi, lakini soma maandishi yaliyochapwa kwenye bomba lenyewe, kisha pima kwa rula. PN10 kwenye maji ya moto hulegea, hujipinda ndani ya ukuta na mwisho hupasuka karibu na hita. Tofauti ya bei kwa bafu moja ni ndogo kuliko boksi moja la marumaru utakalolivunja baadaye.

Kwenye maji taka, choo kitoke kwa bomba la inchi 4, maji ya sakafuni kwa inchi 2, na mteremko uwe sentimita 2 hadi 2.5 kwa kila mita. Mteremko mdogo huacha uchafu. Harufu bafuni karibu kila mara ni trapu, ile kona inayobakiza maji ya kuzuia harufu: ama haikuwekwa, ama maji yake yamekauka kwa kutotumika.

Vipimo viwili vinaharibu kazi nyingi kuliko vyote. Koki ya shawa ya ukutani, ile yenye moto na baridi, huhitaji sentimita 15 kutoka katikati ya pointi moja hadi katikati ya nyingine, zikiwa usawa mmoja. Zikiachwa na sentimita 17, fundi atalazimisha kwa viungo vya kupindia hadi nyuzi zilie, na koki itakaa upande. Kipimo cha pili ni umbali wa tundu la choo kutoka ukutani. Vyoo vinatofautiana, na kipimo huanzia kwenye ukuta ulioshapigwa marumaru. Nunua choo na koki kabla fundi hajatindua chochote. Elbo za ukutani nazo zitokeze sawa na uso wa marumaru, kwa hiyo fundi lazima ajue mapema plasta na marumaru vitakula unene kiasi gani.

Kwa siku, kwa pointi au kwa kazi nzima?

Kulipa kwa siku kunafaa kutafuta tatizo lisilojulikana, kama mita ya maji inayozunguka usiku koki zote zikiwa zimefungwa. Hakuna fundi mkweli anayeweza kukupa bei ya kazi nzima kabla hajajua bomba limetoboka wapi. Kwa kazi mpya, malipo ya siku huzaa siku.

Kwa pointi ni wazi zaidi, mkikubaliana pointi ni nini. Je, kutindua na kuziba ukuta kumo? Pointi ya maji taka inahesabiwa peke yake? Ugomvi mwingi wa mwisho wa kazi uko hapo. Kwa kazi nzima kunafaa pale ambapo vifaa vyote vimeorodheshwa. Bila orodha, kila kilichosahaulika kitakuwa "nyongeza".

Vyovyote mtakavyolipana, usitoe malipo makubwa ya awali ikiwa vifaa unanunua wewe. Nauli na posho ya siku za mwanzo zinatosha. Sehemu kubwa ya kwanza ilipwe baada ya mabomba kupita kipimo cha presha, nyingine baada ya koki na choo kufungwa, na asilimia 10 ibaki kwa mwezi mmoja wa matumizi.

Kipimo cha presha ni cha pampu ya mkono yenye geji. Fundi asiye nayo aiazime au aikodi. Kujaza maji kutoka simtanki si kipimo: tangi lililo mita 6 juu ya koki linatoa bar 0.6 tu. Pointi zote zizibwe kwa plagi, hita na koki ziwe bado hazijawekwa, hewa itolewe, kisha ipampiwe hadi bar 10. Itashuka kidogo mwanzoni kwa sababu plastiki hutanuka. Ipampiwe tena baada ya nusu saa, halafu iachwe. Ikiendelea kushuka, kuna mahali. Wakati wa kupiga plasta acheni bar 3 au 4 ndani, ili saidia fundi akigonga msumari kwenye bomba geji iseme papo hapo. Kabla ya plasta piga picha kila ukuta ukiwa na futikamba imenyooshwa juu yake. Atakayekuja kutoboa tundu la kioo miaka minne ijayo ataihitaji.

Hita: aina tatu, mafundi tofauti

Hesabu ya umeme kwanza, maana hapa kuna imani nyingi. Tuseme maji yanatoka bombani yakiwa nyuzi joto 20, na unaoga kwa shawa ya umeme, inayopasha maji yakipita, kwa lita 25 za nyuzi 40. Hiyo ni karibu uniti 0.58 za LUKU kwa mtu mmoja, 2.3 kwa watu wanne. Hita ya tangi ya lita 50 ikipasha hadi nyuzi 60 inatumia hizohizo 2.3, na ikichanganywa na baridi inatoa lita 100 za nyuzi 40, yaani watu walewale wanne. Kwa hiyo shawa ya umeme na tangi hulingana. Tangi hugharimu zaidi pale linapoachwa limewashwa kutwa nzima, likipoteza joto na kulirudishia. Lenye elementi ya kilowati 1.5 linahitaji saa moja na nusu hivi. Washa kabla ya kuoga, kisha zima.

Shawa ya umeme ni rahisi kununua na ndiyo hatari zaidi ikifungwa ovyo. Ya kilowati 5.5 huvuta ampia 24 kwenye volti 230. Waya wa 2.5 mm wa soketi za kawaida hautoshi. Iwekewe laini yake kutoka kwenye mein (swichi kuu), waya wa 4 mm au 6 mm kulingana na umbali, breka yake, swichi inayokata nyaya zote mbili, kinga ya kuvuja umeme ya miliampia 30, na ethi inayofanya kazi kweli. Kazi hiyo si ya fundi bomba. Mtafute fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na umwambie apime ethi kwa kifaa, asikuambie tu kwamba waya wa kijani upo. Kwenye maji ya kisima yenye chumvi, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam na pwani, chagua shawa ambayo kiwanda kimeandika kwamba elementi yake inafaa maji ya chumvi. Maji hayo hupitisha umeme vizuri, na elementi iliyo wazi ndani ya maji ni kichocheo cha kupigwa shoti.

Nguvu nayo iendane na mahali. Ya kilowati 5.5 ikipandisha maji nyuzi 20 itatoa karibu lita 4 kwa dakika. Dar, ambako maji ya bombani tayari ni vuguvugu, hiyo ni nyingi mno. Njombe au Mbeya mwezi wa Julai utabana koki hadi lita 3 ili uoge vizuri.

Tangi la umeme halitishi kwenye waya, linatisha kwenye presha. Valvu ya usalama inayokuja na hita ifungwe kwenye mdomo wa maji ya baridi, na tundu lake lielekezwe chini kwa bomba lililo wazi. Ikidondosha matone hita inapopasha, ni kawaida, maji yanatanuka. Fundi anayeiziba kwa plagi ili "isivujishe" amegeuza tangi kuwa bomu. Muulize pia kuhusu fimbo ya magineziamu iliyo ndani: huliwa na kutu badala ya tangi, na kwenye maji ya chumvi ikaguliwe kila mwaka. Ukuta uwe wa tofali imara, maana tangi la lita 50 likijaa linapita kilo 60.

Sola inalipa kwenye nyumba ya watu wengi, na inahitaji fundi mwenye akili ya paa. Tangi la lita 200 lina kilo 200 za maji peke yake, mbali na fremu na vioo. Kenchi za kawaida za kubeba bati hazikupigiwa hesabu hiyo. Kwa aina isiyo ya presha, kitako cha simtanki lazima kiwe juu ya tangi la sola, la sivyo halitajaa bila pampu, na bomba la kupumulia lisizibwe kamwe. Mirija ya vioo isijazwe maji ya baridi jua likiwa limeshaichoma: itapasuka. Fundi wa sola anayetaka kujaza saa saba mchana bila kuifunika hajazifunga nyingi.

Kuna wanaopendelea hita ya gesi kwa sababu ya kukatika umeme. Isifungwe ndani ya bafu. Ikikosa bomba la kutolea moshi nje hujaza kaboni monoksaidi, isiyo na harufu, na mtu huanguka akiwa anaoga.

Siku ya kulipa ile asilimia 10, fungua koki zote kwa pamoja, fulashi choo mara tatu ukisikiliza chemba, washa hita hadi ikate yenyewe, gusa kila kiungio kilicho wazi kwa karatasi ya chooni iliyo kavu, kisha funga kila kitu na utazame mita kwa nusu saa.